Umri Unasingiziwa

Katika vikao vya wazazi hapa Arusha hakuna methali inayofanyishwa kazi kama samaki mkunje angali mbichi. Mjadala wa Kiingereza ukianza tu, kuna mtu ataitoa, na wengine wataitikia kwa vichwa. Maana yake kikaoni ni kwamba mtoto asipoanzishwa Kiingereza akiwa na miaka miwili na nusu au mitatu, ulimi utakauka na hatakipata tena. Kwa imani hiyo watu wanakopa kwenye vikoba, wanauza kiwanja cha Kisongo, wanamwamsha mtoto wa chekechea saa kumi na moja alfajiri akasubiri basi la shule gizani ilhali shule ya serikali iko nyuma ya nyumba. Ukiishika barabara ya Mianzini kwenda Sakina mpaka Ngaramtoni, mabango ya chekechea za inglishi midiamu yanagombea nguzo na mabango ya viwanja na ya manabii.

Sina ugomvi na Kiingereza. Mji unaoishi kwa kupeleka wageni Ngorongoro na Serengeti, wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hauwezi kujifanya hauna haja na lugha za watu. Mzazi anayetaka mwanawe akijue Kiingereza ana akili timamu. Ninachopinga ni hesabu anayopigiwa. Tunamwona mtoto mdogo anashika lugha upesi, tunasema ni udogo wake, basi tunaufunga mjadala. Kumbe udogo huo umezungukwa na mambo ambayo hatuyahesabu kwa sababu hayalipiwi ada: saa nyingi mno za kuzungumzishwa, na watu wanaomjibu hata akiongea upuuzi. Umri una nafasi yake, nitaifikia. Lakini sehemu kubwa ya sifa tunazoupa ni za saa hizo na watu hao.

Zihesabu saa zenyewe. Mtoto wa Unga Limited au Ngarenaro hakai peke yake hata akitaka. Mlangoni kuna majirani, uani kuna wapangaji, barabarani kuna wenzake. Tubane hesabu kabisa, tuseme kwa siku yuko macho katikati ya watu wanaoongea kwa saa 8 tu. Akitimiza miaka 5 ameishi ndani ya Kiswahili kwa saa 14,600. Halafu itazame taasisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha. Makadirio yao ni kwamba Mmarekani mtu mzima anahitaji saa 900 hivi za darasani kufika kwenye Kiswahili cha kazini, na 2,200 kwa Kiarabu, Kichina au Kijapani. Bila shaka mwanadiplomasia huyo hatapiga soga kama mtu wa Pangani, na atachanganya ngeli mpaka astaafu. Hata hivyo mtu aliyefika kwenye mazungumzo ya kazi kwa saa 900, tena akiwa na miaka 40 na kitambi, hawezi kuitwa mtu aliyekaukiwa ulimi. Ametumia saa chache sana kuliko mtoto. Mtoto tunamwona mwepesi kwa sababu hatukuwapo kuzihesabu saa zake.

Kwa mtoto anayejifunza lugha ya kwanza, ninachokipenda zaidi ni makosa yake. Msikilize wa miaka mitatu akileta mashtaka: "Mama, Brayan ameniuma na majino!" Hayo majino kayatoa wapi? Mama yake anasema meno, dada yake anasema meno, na Brayan mwenyewe, kama ameshakua kidogo, anasema meno. Hakuiga mtu. Amesikia jina na majina, jipu na majipu, jirani na majirani, akajitungia kanuni kimyakimya, akaitandika juu ya jino. Ni kosa la mtu anayefikiri. Mwaka 1958 Jean Berko, mtafiti wa Marekani, aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe asiyekuwapo duniani, akampa jina la kubuni, kisha akawauliza wakiwa wawili wataitwaje. Watoto wakaweka wingi sawasawa kwenye neno ambalo hawakuwahi kulisikia maishani. Mwaka uliofuata mwanaisimu Noam Chomsky alichapisha uhakiki wake mkali dhidi ya mwanasaikolojia B. F. Skinner, aliyeeleza lugha kuwa tabia inayojengwa kwa kuiga na kutuzwa. Tangu hapo imekuwa vigumu kumwona mtoto kama kasuku.

Na jaribu kumsahihisha uone. "Sema meno." "Ndiyo, majino." Atakapokuwa tayari ataacha mwenyewe, na hutajua ni siku gani.

Chomsky alikwenda mbali zaidi, akasema sarufi kwa sehemu kubwa tunazaliwa nayo, na wanaisimu wamekuwa wakivutana juu ya hilo kwa zaidi ya miaka 60. Ushahidi unaonivuta mimi umetoka kwa ndugu zetu wa Kibantu. Katherine Demuth aliwafuatilia watoto wa Kisotho kule Lesotho katika miaka ya 1980, akakuta wanatumia kauli ya kutendwa kabla hata ya kufikisha miaka mitatu, wakati watoto wa Kiingereza wanajulikana kwa kuchelewa nayo. Bongo za watoto wa Lesotho si tofauti. Kisotho chenyewe kinawalazimisha wakubwa kuitumia kauli hiyo kila mara, hata katika kuuliza nani amefanya nini. Mtoto anawahi kile anachokisikia sana. Vitoto vyetu navyo, sikiliza, mapema tu vinakuja na nimepigwa, nimenyang'anywa, nimeumwa na siafu.

Kusikia kwenyewe kuna masharti, na hapa ndipo wazazi wengi wa mjini wanapoibiwa mchana kweupe. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, kule Seattle, waliwachukua watoto wa miezi 9 waliozoea Kiingereza tu. Kundi moja likachezeshwa na kusomewa vitabu na watu waliokuwa wakiongea Kichina cha Mandarini, vipindi 12 vya kama dakika 25 kila kimoja. Kundi jingine likawaona watu walewale, likasikia maneno yaleyale, ila kwenye runinga. Watoto waliokaa na mtu wa kweli waliweza kutofautisha sauti za Kichina karibu sawa na watoto wa Taiwan. Wa runinga hawakupata chochote. Nawafikiria watoto wa Njiro na Sakina wanaowashiwa katuni za Kiingereza kuanzia asubuhi, simu ikiegemezwa kwenye chupa ya chai, na mzazi akijipongeza kwamba mtoto "anasikiliza Kiingereza." Wakubwa kidogo wataokota maneno ya rangi na namba na nyimbo, sikatai. Mtoto mchanga hajifunzi lugha kwa kitu kisichomtazama machoni.

Halafu kuna dada wa kazi. Katika nyumba nyingi za Arusha ambako baba na mama wanatoka alfajiri, mwalimu mkuu wa lugha wa mtoto ni binti wa miaka 18 au 20 aliyetoka Mbulu, Babati au Kondoa. Lugha yake ya kwanza mara nyingi ni Kiiraqw au Kirangi, Kiswahili amekikuta shuleni na anakiongea vizuri, Kiingereza aliachana nacho darasa la saba. Nimewahi kusikia maagizo haya yakitolewa mlangoni, mama ameshashika ufunguo wa gari:

"Ukimwongelesha, mwongeleshe Kiingereza. Usije ukamharibia mtoto."

"Sawa, mama Brayan."

Gari likishatoka getini, kinachofuata ni kimoja kati ya viwili. Dada anapuuza agizo, anamsimulia mtoto habari za fisi na sungura kwa Kiswahili, wanacheka, na mtoto anapata lugha. Au dada ni mtiifu, anabaki na amri tano za Kiingereza alizonazo, njoo, kaa, kula, acha, usiguse, na siku nzima inapita karibu kimya. Dada mtiifu ndiye anayenitia wasiwasi. Wazazi nao jioni wanaendeleza zilezile amri tano, maana Kiingereza cha wengi wetu ni cha ofisini. Hakina utani, hakina hadithi, hakina maneno ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Mtoto analelewa kwa lugha ambayo ndani ya nyumba hiyo hakuna anayeweza kuota nayo ndoto.

Sasa umri wenyewe. Eric Lenneberg mwaka 1967 alitoa hoja kwamba kuna kipindi maalumu, mpaka kwenye balehe, ambacho ubongo uko wazi kwa lugha, na baada yake mlango unafungwa. Hoja hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa methali ya kikao cha wazazi, ila njiani imepoteza nusu ya maelezo yake. Kwanza, mambo hayazeeki kwa pamoja. Sauti ndizo zinazowahi. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa Kanada wa miezi 6 hadi 8 wanazitofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii kabisa, na wakikaribia mwaka mmoja uwezo huo umeshapungua sana. Ndiyo maana mzee wa Rombo aliyeongea Kiswahili miaka 50 hufungua mdomo ukajua katoka mlima gani. Lafudhi inang'ang'ania. Msamiati hauna mwisho, unaokota mpaka kaburini. Sarufi iko katikati: utafiti wa mwaka 2018 wa Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker, uliokusanya majibu ya watu karibu 670,000 waliofanya jaribio la Kiingereza kwenye intaneti, ulikadiria kwamba uwezo wa kujifunza sarufi hubaki na nguvu mpaka miaka 17 hivi, ingawa anayetaka kuwa sawa kabisa na mzawa anapaswa kuwa ameshaanza kabla ya miaka 10 au karibu na hapo. Miaka 10 ni darasa la nne. Iko mbali sana na miaka miwili na nusu ya kwenye bango.

Pili, na hili ndilo linalosahaulika, ushahidi mkali kabisa wa umri unahusu lugha ya kwanza. Elissa Newport na Rachel Mayberry wamewachunguza viziwi wa Marekani waliofikiwa na lugha ya alama wakiwa wachanga, wengine wakiwa watoto wakubwa, wengine baada ya balehe. Waliochelewa walibaki na mapengo ya sarufi hata baada ya miaka mingi ya kuitumia. Na Mayberry akaonyesha kwamba mtu aliyekuwa na lugha fulani utotoni, halafu akapoteza usikivu, huimudu lugha ya alama ukubwani vizuri kuliko kiziwi wa kuzaliwa aliyeanza akiwa na umri uleule bila lugha yoyote kabla. Yaani aliyeiwahi lugha moja barabara amebeba kitu kinachomsaidia kwenye ya pili. Aliyekosa ya kwanza ndiye mlango unamfungia. Kama kuna mzazi wa kukimbizwa na saa ya umri katika nchi hii, ni mzazi wa mtoto kiziwi anayefichwa ndani mpaka afike miaka 7 au 8 bila lugha ya alama, na huyo hakuna bango linalomwita. Mzazi wa Sakina, mwenye mtoto anayesikia na mtaa mzima unaoongea, amekabidhiwa hofu isiyo yake.

Joseph Conrad, mwana wa familia ya Kipolandi, aliingia kwenye Kiingereza akiwa na miaka 20 na ushee, baharia melini. Akaja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa lugha hiyo, na inasemekana lafudhi yake ilibaki nzito mpaka alipofariki mwaka 1924. Huyo tumwache, vipaji vya namna yake havitungiwi sera. Wapo wa kawaida. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle, katika utafiti wa mwaka 1978, waliwafuatilia watu wa Kiingereza waliohamia Uholanzi. Miezi ya mwanzo waliokwenda kasi ni vijana wa miaka 12 hadi 15, wakifuatiwa na watu wazima. Watoto wa miaka 3 hadi 5 walikuwa nyuma. Wadogo huja kuwapita baadaye, wakiishi humo humo kwa miaka. Na huko Barcelona, Carmen Muñoz na wenzake waliwalinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza cha darasani wakiwa na miaka 8 na walioanza na 11. Kwa idadi ileile ya saa, walioanza wakubwa waliongoza katika vipimo vingi. Ukweli huo haujaandikwa kwenye bango lolote: faida ya udogo inalipwa polepole, kwa kuishi ndani ya lugha mchana kutwa. Darasani, kwa vipindi vya kuhesabika, mkubwa mwenye lugha yake imara na anayejua kusoma ndiye mwepesi.

Hapa kwetu ushahidi huo unatembea barabarani. Nenda Moshi, kaa na wapagazi wa mlima Kilimanjaro, wanaojiita wagumu. Wengi walianza kwa kubeba mzigo kichwani bila Kiingereza zaidi ya salamu. Lakini safari ya njia ya Machame ni siku 6 au 7, ya Marangu 5 au 6, na aliyepandishwa kuwa msaidizi wa kiongozi anatembea hatua kwa hatua na mgeni mmoja au wawili, pole pole, wakizungumzia kile kilicho mbele ya macho: maji, tumbo, ukungu, mawe, kichwa kinauma kiasi gani. Ni darasa la mwanafunzi mmoja, mwalimu hana haraka, na kutokuelewana kunaweza kumuua mtu. Misimu michache inapita, unamkuta anacheka na wageni kwa Kiingereza, na mwingine ameongeza Kijerumani. Arusha ni hivyohivyo kwa waongoza watalii wanaochukua Kifaransa au Kihispania wakiwa na miaka 30, jioni darasani, mchana kwenye gari na wageni. Stephen Krashen, aliyetangaza tangu miaka ya 1980 kwamba lugha huingia kwa kusikia maneno unayoyaelewa pamoja na machache ya juu kidogo ya uwezo wako, angewapenda sana wagumu.

Lakini sitawasifia kupita kiasi. Mwongoza watalii huyohuyo anayemweleza Mfaransa maisha ya simba dume kuanzia kuzaliwa mpaka kufukuzwa kundini, mwulize kwa Kifaransa habari za mkataba wa nyumba au dalili za kisukari, anakwama. Lugha imemfuata kazini na kazini imebaki. Larry Selinker mwaka 1972 alieleza jinsi lugha ya mwanafunzi mtu mzima inavyoweza kuganda njiani, na sababu moja ninayoiona kwa macho ni kwamba ikishatosha kuleta bahashishi, hakuna kinachoisukuma mbele. Hilo si jambo la aibu. Ila linasema jambo kuhusu shule: lugha unaipata kwenye mambo unayoyaongea kwayo, na kwa kiasi unachoyaongea.

Basi twende darasani. Tuseme mwanafunzi wa shule ya serikali ana vipindi 5 vya Kiingereza kwa wiki, dakika 40 kila kimoja, wiki 39 za mwaka. Ni saa 130. Miaka 5 ni saa 650, na kwenye karatasi hilo si dogo, limekaribia zile 900 za mwanadiplomasia. Sasa liingize darasa la watoto 60, nami nimechagua darasa jepesi. Mwalimu akinyamaza kabisa na kugawa kipindi sawasawa, kila mtoto anapata sekunde 40 za kuongea. Mwalimu hanyamazi. Watoto wanaitikia kwa pamoja, wananakili ubaoni, kengele inalia. Mtafiti Merrill Swain aliliona hili katika mazingira ya neema kuliko yetu. Watoto wa Kanada wa nyumba za Kiingereza wanaosomeshwa kwa Kifaransa, mpango ulioanza mwaka 1965 katika kitongoji cha Saint-Lambert karibu na Montreal, walikuja kukielewa Kifaransa karibu kama wazawa, ila wakiongea na kuandika makosa yalijaa. Walikuwa wamesikia sana na kusemeshwa kidogo. Akaandika mwaka 1985 kwamba kusikia pekee hakutoshi, lazima mtu asukumwe kutamka jambo lake mpaka lieleweke.

Saint-Lambert ndiyo hutajwa, hata na wasioijua kwa jina, kila tunapoambiwa kwamba "wenzetu watoto wao wanasoma kwa lugha ya kigeni na wanafaulu." Wanafaulu, ndiyo. Walimu wao walikuwa wakiongea Kifaransa kama lugha yao. Watoto walirudi jioni kwenye Kiingereza chao ambacho hakuna aliyekidharau. Hakuna aliyevalishwa kibao. Kwetu zipo shule ambako mtoto akikamatwa anaongea Kiswahili wakati wa mapumziko anatundikwa kibao shingoni, na ili akivue inambidi amkamate mwenzake mwingine. Watoto wanajifunza kwa haraka sana, wanachojifunza ni kunyamaza. Mtoto aliyekuwa na majino na uthubutu wa kujitungia kanuni anageuka mpelelezi wa wenzake uwanjani. Sijui ni nadharia gani ya lugha inayotetea jambo hilo, na nimezitafuta.

Tena tukisema Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani tunasema kana kwamba nchi yote ni Kariakoo. Ukanda huu wetu, kuanzia hapa mpaka Karatu na Manyara, una lugha za Kibantu, za Kinailoti, za Kikushi, na pembeni ya Ziwa Eyasi kuna Kihadza ambacho wataalamu wengi hawamwoni ndugu yake. Mtoto wa Kimaasai wa Longido au Simanjiro anafika darasa la kwanza Kiswahili kikiwa ndiyo lugha ya kigeni. Huko shuleni anakipata, na wengi wanakipata vizuri, kwa sababu kimezagaa: mnadani, kanisani, redioni, kwa wenzake. Anakaribia kukimudu kusomea, ndipo sekondari, inayofundisha kwa Kiingereza, inamwondolea. Kwake Kiingereza ni lugha ya tatu.

Ukitaka kuona upande wa kupoteza, panda mlimani mwezi wa Desemba, Wachagga wanapokwenda kuhesabiwa, yaani kurudi kwao kwa sikukuu. Bibi yuko kibarazani Marangu, wajukuu wameshuka kwenye gari kutoka Dar es Salaam na Arusha. "Shikamoo bibi." Anawaitikia, anawaagiza jambo kwa Kichagga, na mara nyingi wanatenda sawasawa bila kutafsiriwa: kiti kimeletwa, maji yameletwa. Ila jibu linatoka kwa Kiswahili. Wanaielewa lugha, hawajawahi kuihitaji midomoni, maana kila aliyewasemesha aliwakubalia majibu ya Kiswahili. Ni ugonjwa uleule Swain aliouona Kanada, sasa kwa lugha ya damu yao. Nao wana miaka 6, 9, 12, umri ambao methali ingesema wako wabichi kabisa.

Kwa hiyo, kama mzazi ataniuliza, nitamwambia amsemeshe mtoto kwa lugha anayogombania na kutania nayo, iwe Kimachame, Kimeru au Kiswahili, tena amsemeshe sana. Dada wa kazi aachiwe mdomo wake. Ada ya chekechea, kama ipo, aiweke mpaka mtoto afike miaka 8 au 9 na ampate mwalimu anayekiongea Kiingereza kweli, kwenye kikundi cha watoto wachache. Serikali nayo, badala ya kutumaini kwamba fizikia na historia zitafundisha Kiingereza kwa bahati, ikifundishe Kiingereza chenyewe kama somo, kwa walimu walioandaliwa, na masomo mengine yaendelee kwa lugha ambayo watoto wanaweza kuulizia swali. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelisema hili kwa miaka mingi, kwamba kufundisha lugha na kufundishia kwa lugha ni kazi mbili. Amesikilizwa kwa heshima zote, na mfumo umebaki palepale.

Januari, kidato cha kwanza kikifunguliwa, kuna wiki chache za kuwazoesha wanafunzi Kiingereza kabla masomo hayajaanza rasmi. Tuwape kwa ukarimu saa 5 kila siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6: ni saa 150. Yule wa Longido anazipata pamoja na wenzake, kisha anafungua daftari la baiolojia na kunakili kutoka ubaoni aina za seli. Jaribio la kwanza huja kabla ya Pasaka.